Halmashauri ianzie wapi? Ulinganisho wa njia za kupambana na ubaguzi dhidi ya Waroma na Wasafiri barani Ulaya

Halmashauri ya mji inayotaka kwa dhati kukomesha ubaguzi dhidi ya Waroma na Wasafiri huwa na njia nyingi za kuchagua kuliko fedha za kuzitekeleza. Inaweza kutenga viwanja vya karavani, kuhamishia familia katika nyumba za kawaida, kuvunja utaratibu wa shule zinazotenganisha watoto, kuajiri wapatanishi kutoka katika jamii yenyewe, kufungua kampuni ya manispaa inayotoa ajira, au kupitisha azimio la kusomwa kila tarehe 8 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Waroma, na kuishia hapo. Makala hii inazilinganisha njia hizo kwa kuangalia mambo manne: zinamgusa nani, zinachukua muda gani kuleta tofauti inayoonekana, zinamgharimu nini diwani anayezitetea, na kama zinaweza kuuvuka uchaguzi unaofuata. Jambo la tatu hutajwa kwa nadra katika mikakati rasmi, ilhali kwa maoni yangu ndilo linaloua mipango mingi kuliko uhaba wa fedha.

Kabla ya kulinganisha chochote, ni lazima tujue tunawazungumzia akina nani, kwa sababu jina moja la jumla limewaponza wengi. Waroma, ambao si Warumi wa kale wala si jina jingine la raia wa Romania, ni kati ya watu milioni 10 na 12 barani Ulaya, na takriban milioni 6 kati yao wamo katika nchi za Umoja wa Ulaya. Asili yao ni kaskazini mwa India, wengi wao bado wanazungumza Kiromani, na sehemu kubwa wameishi mahali pamoja kwa vizazi kadhaa. Wasafiri wa Ireland ni jamii nyingine kabisa, yenye asili yake ndani ya Ireland. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wasafiri 32,949 katika Jamhuri ya Ireland, na ilikuwa tarehe 1 Machi 2017 tu ambapo dola iliwatambua rasmi kuwa kabila. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Waroma wengi wa Italia au Romania wanadai watolewe kambini na kupewa nyumba kama wakazi wengine, ilhali Wasafiri wengi wa Ireland na Uingereza wanadai mahali halali pa kusimamisha karavani zao na kuishi karibu na ndugu. Halmashauri inayotumia dawa ya wale kuwatibu hawa hufanya ubaguzi mpya hata kama nia yake ni safi.

Na kwa nini tuzungumzie halmashauri badala ya serikali kuu? Kwa sababu kibali cha ujenzi, mpaka wa eneo la shule, orodha ya wanaosubiri nyumba, bomba la maji na amri ya kubomoa viko mikononi mwake, na mara nyingi mbaguzi mwenyewe ni yeye. Mwezi Oktoba 1999, katika mji wa Ústí nad Labem, Jamhuri ya Czech, uongozi wa mtaa ulijenga ukuta wenye urefu wa zaidi ya mita 60 katika barabara ya Matiční ili kuyatenga majengo waliyoishi Waroma na nyumba za majirani waliolalamikia kelele na taka. Dunia nzima ikapiga kelele, na ukuta ukabomolewa kabla Novemba haijaisha. Serikali kuu iliupatia mji huo fedha, na sehemu yake ikatumika kununua nyumba za majirani wale wale waliolalamika. Miaka 14 baadaye, Košice ya Slovakia, ikiwa ndiyo imetunukiwa heshima ya kuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya kwa mwaka 2013, ikapata ukuta wake.

Familia za karavani: kufukuza, kukubaliana, au kujenga kiwanja

Kufukuza ndiyo njia rahisi kuiahidi wakati wa kampeni na ghali kuliko zote wakati wa kuitekeleza. Mwaka 2011 halmashauri ya Basildon, katika Essex nchini Uingereza, iliziondoa takriban familia 80 za Wasafiri kutoka Dale Farm, ardhi ambayo Wasafiri wenyewe walikuwa wameinunua lakini wakanyimwa kibali cha kuitumia kwa makazi kwa kuwa iko katika ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozunguka mji ambayo ujenzi umezuiwa. Mvutano wa kisheria ulikuwa umechukua takriban miaka 10, operesheni yenyewe iligharimu mamilioni ya pauni, na baadhi ya familia ziliishia kuegesha karavani zao barabarani, hatua chache tu kutoka pale zilipofukuzwa. Aliyetaka tatizo liondoke alilihamisha kwa umbali wa kutupa jiwe.

Leeds, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, ilichoka na mchezo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, halmashauri ya jiji ilikubaliana na Leeds GATE, shirika ambalo wanachama wake ni Wasafiri na Waroma wa Uingereza, kujaribu utaratibu wa kukaa kwa makubaliano. Karavani zinapoegeshwa katika eneo la wazi, anayetangulia kufika ni afisa wa halmashauri, wala si wakili mwenye hati ya mahakama. Huuliza karavani ni ngapi, kama kuna mgonjwa, mjamzito au mtoto anayesoma, na familia inakusudia kukaa hadi lini. Eneo likiwa linafaa, pande mbili huelewana juu ya siku ya kuondoka, mahali pa kukusanyia taka, vyoo vya kuhamishika, na mwenendo unaotarajiwa kuhusu moto na magari. Likiwa halifai, tuseme ni uwanja ambao watoto wanachezea mpira, familia huelekezwa mahali pengine penye nafuu badala ya kuambiwa tu iondoke. Halmashauri imeokoa fedha ilizokuwa ikizitumia kwa mawakili, madalali wa mahakama na usafi wa baada ya kufukuza, na malalamiko ya majirani yakapungua, jambo ambalo diwani yeyote anaweza kulisimamia jukwaani bila kuona haya.

Hata hivyo ni kosa kuuchukulia utaratibu wa Leeds kuwa suluhisho kamili. Hautoi anwani, hautoi bafu, wala haumpi mtoto uhakika wa kumaliza muhula katika shule moja. Ni namna ya kuishi kwa heshima wakati viwanja vya kudumu havitoshi, na nchini Uingereza havitoshi kwa sababu inayojulikana: sheria ya mwaka 1968 iliyozilazimu halmashauri kutenga viwanja ilifutiwa wajibu huo mwaka 1994. Kisha sheria ya polisi ya mwaka 2022 ikaongeza makali dhidi ya wanaoegesha bila ruhusa, hadi Mahakama Kuu ilipotamka, Mei 2024, kuwa kurefusha kutoka miezi 3 hadi 12 muda ambao familia iliyoondolewa hairuhusiwi kurudi mahali hapo ni ubaguzi usio na sababu ya kutosha, kwa kuwa viwanja vya muda vyenyewe ni vichache mno.

Ufaransa ilichukua njia ya kulazimisha. Sheria ya tarehe 5 Julai 2000 inazitaka manispaa zenye wakazi zaidi ya 5,000 kushiriki katika mpango wa mkoa wa kuandaa viwanja, na kwa upande wa pili inampa meya aliyetimiza wajibu wake uwezo wa kukataza karavani kwingineko katika manispaa yake. Kama hila ya kiutawala, ni nzuri: inamfanya hata meya asiyewapenda Wasafiri (huko jina hili lina maana ya watu wa karavani kwa jumla) awe na sababu ya kujenga. Kasoro yake ni kwamba sheria inahesabu kama kiwanja kipo, lakini haikuwa kali vya kutosha kuhusu kiko wapi. Vingi vimewekwa pale ambapo hakuna mpigakura mwingine angekubali kuishi, yaani kando ya barabara kuu, karibu na mitambo ya majitaka au viwanda. Kiwanda cha kemikali cha Lubrizol kilipowaka moto mjini Rouen tarehe 26 Septemba 2019, kiwanja cha Wasafiri cha Petit-Quevilly kilikuwa jirani kabisa na moshi huo mweusi, na waliokuwa wakiishi hapo walilalamika kuwa hakuna aliyekuja kuwahamisha. Kwa hiyo anayechagua njia ya Ufaransa achukue ile nguvu ya sharti, na aongeze kanuni moja isiyo na mjadala: kiwanja kisijengwe mahali ambapo halmashauri isingejenga nyumba za watumishi wake.

Ireland ina sheria ambayo kwa maandishi huenda ndiyo bora kuliko zote. Sheria ya makazi ya Wasafiri ya mwaka 1998 inaitaka kila mamlaka ya mtaa kuandaa programu ya miaka kadhaa, kusikiliza kamati ya ushauri yenye wajumbe Wasafiri, na kutekeleza. Fedha zinatoka serikali kuu. Hapo ndipo panapoonekana ubovu usiotibika kwa fedha. Kati ya mwaka 2008 na 2018, takriban theluthi moja ya fedha zilizotengwa hazikuchukuliwa na mamlaka hizo, na hiyo ilikuwa miaka ambayo familia zilikuwa zikiishi kando ya barabara bila maji. Diwani mmoja mmoja alikuwa akipiga hesabu ya kura, na hesabu hiyo ilimwambia akatae. Tarehe 10 Oktoba 2015, moto uliwaua watu 10 wa jamii ya Wasafiri, watano wakiwa watoto, katika kiwanja cha muda cha Carrickmines kusini mwa Dublin. Na halmashauri ilipotaka kuwaweka manusura katika eneo jingine kwa muda, baadhi ya wakazi wa jirani waliziba njia ili mitambo isiingie. Jopo la wataalamu lililotoa ripoti mwaka 2019 lilipendekeza jambo zito kwa demokrasia ya mtaa: uamuzi wa mwisho kuhusu miradi hii uondolewe kwa madiwani na upewe watendaji wakuu. Ninalielewa shaka la wanaolipinga pendekezo hilo, lakini haki ya watu wachache kupata maji na choo haiwezi kusubiri kila mara ridhaa ya walio wengi.

Walio na makazi ya kudumu: kambi, mtaa maalumu, au ngazi moja na wengine

Kwa Waroma wanaotaka nyumba, swali la kwanza ni kama nyumba hiyo itakuwa peke yake au miongoni mwa nyingine. Roma, mji mkuu wa Italia, kwa miongo kadhaa ilichagua kambi rasmi zenye uzio na ulinzi, kwa dhana kuwa Waroma ni watu wa kuhamahama, ingawa wengi waliowekwa humo walitoka katika nyumba za matofali za iliyokuwa Yugoslavia. Mwezi Mei 2008 serikali ilitangaza hata hali ya dharura kwa ajili ya makazi hayo, tangazo ambalo Baraza la Dola, mahakama ya juu ya nchi hiyo kwa kesi za utawala, lilisema mwaka 2011 kuwa halikuwa halali. Kisha tarehe 30 Mei 2015 mahakama ya Roma ikatamka kuwa kambi ya La Barbuta, iliyojengwa na manispaa yenyewe karibu na uwanja wa ndege wa Ciampino, ni ubaguzi kwa kuwa inawatenga watu kwa misingi ya kabila. Kambi kama hizo hazikuwa za bei nafuu. Mlinzi, mabomba, mikataba ya usafi na ya mabasi ya shule vilikula fedha mwaka hadi mwaka, na mkazi hakusogea hata hatua moja kuelekea katika upangaji wa kawaida.

Madrid nayo ilipitia kosa la aina hiyo kabla ya kugeuka. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijenga mitaa maalumu kwa ajili ya Waroma waliotoka katika vibanda vya mabati, nyumba ndogo ndogo zilizopangwa pembezoni mwa jiji. Mtaa wa La Rosilla huko Vallecas ulidumu kwa takriban muongo mmoja, ukageuka soko la dawa za kulevya, ukabomolewa. Mwaka 1998 mamlaka ya jimbo iliunda taasisi ya kuhamisha familia kwa utaratibu mwingine: kununua au kutenga nyumba za kawaida zilizotawanyika katika mitaa mbalimbali, familia ikawa inalipa kodi kulingana na kipato chake, na mfanyakazi wa jamii akawa anaitembelea kwa miaka ya mwanzo kushughulikia mambo madogo yanayovunja ujirani, kama vile bili za umeme, zamu za usafi wa ngazi, na uandikishaji wa watoto shuleni. Hapa hakuna picha ya uzinduzi wala utepe wa kukatwa. Kwa mwanasiasa hilo ni pungufu. Kwa familia ndiyo faida yenyewe, maana hakuna jirani anayejua kwamba kuna mradi. Gharama yake halisi, ambayo watetezi wa kutawanya huipitia haraka mno, ni kwamba bibi anayelea wajukuu na dada anayeuza naye mnadani wanaweza kujikuta ncha mbili za jiji. Kwa hiyo ni vyema familia iulizwe inataka kuwa karibu na nani, na jibu lake liingie katika uamuzi.

Cluj-Napoca ya Romania inatoa bei ya kufanya kinyume chake halafu kurekebisha. Tarehe 17 Desemba 2010, katikati ya baridi kali, jiji liliziondoa familia 76 kutoka mtaa wa Coastei, watu waliokuwa na kazi na watoto waliosoma karibu, na wengi wao wakapelekwa Pata Rât, kando ya dampo la taka. Baadaye, kati ya mwaka 2014 na 2017, mradi uliofadhiliwa na Norway uliziwezesha familia 35 kutoka Pata Rât na kuingia katika nyumba mjini na katika vijiji vya jirani. Kuzitupa familia nyingi kulichukua asubuhi moja, na kuzirudisha chache kulichukua miaka na fedha za nchi nyingine.

Shule: basi, kufunga, au kusubiri mahakama

Katika elimu, halmashauri inayosubiri imekwisha kuchagua. Tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa kura 13 dhidi ya 4, iliamua kesi ya watoto 18 wa Kiroma wa Ostrava, Jamhuri ya Czech, waliowekwa katika shule za wenye ulemavu wa akili. Takwimu zilizowasilishwa na walalamikaji zilionyesha kuwa mtoto wa Kiroma mjini humo alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake asiye Mroma wa kupelekwa katika shule hizo. Uamuzi ulikuwa wa kihistoria, lakini hadi unatoka, watoto waliofungua kesi walikuwa wamepita umri wa darasa walilolilalamikia.

Gyöngyöspata, mji mdogo wa Hungaria, ndio mfano unaofaa kuwekwa mbele ya kila mweka hazina wa halmashauri. Watoto wa Kiroma walisomea ghorofa ya chini na wengine ghorofa ya juu, katika jengo moja, kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2020 mahakama ya juu ya Hungaria, ijapokuwa Waziri Mkuu Viktor Orbán alikuwa ameikosoa kesi hiyo hadharani, ilithibitisha kuwa waliokuwa wanafunzi walipwe fidia inayokaribia forinti milioni 100 kwa jumla, na manispaa ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Kutenganisha watoto kulionekana bure mpaka hapo.

Kwa wanaotaka kutenda, kuna njia mbili kuu. Vidin, mji wa Bulgaria ulio kando ya mto Danube, ulianza Septemba 2000 kwa basi. Shirika la Waroma la Drom liliwachukua watoto wapatao 300 kutoka mtaa wa Nov Pat na kuwapeleka kila asubuhi katika shule za mjini, wakisindikizwa na watu wazima wa jamii yao waliokuwa pia wakiwasaidia walimu na wazazi kuelewana. Njia hii inaweza kuanza muhula ujao, haihitaji kufunga chochote, na mzazi asiyeiamini anaweza kubaki alipo. Udhaifu wake ni kwamba shule ya mtaa wa Waroma inabaki wazi, basi linategemea mfadhili, na mzigo wote wa safari wanaubeba watoto wa Kiroma peke yao.

Hódmezővásárhely na Szeged za Hungaria zilichagua kufunga. Mwaka 2007 Hódmezővásárhely ilipanga upya shule zake na mipaka ya maeneo yake ili watoto wa familia maskini wagawike kwa uwiano unaokaribiana katika kila shule. Szeged ilifunga shule iliyokuwa imejaa watoto wa Kiroma, ikawagawa katika shule nyingine, na wanafunzi wa chuo kikuu cha jiji wakawa walezi wao wa masomo. Hapa mabadiliko yanamgusa kila mzazi mjini, na ndiyo maana yanamgharimu meya zaidi: wazazi wenye uwezo wanaweza kukimbilia shule za kanisa au za mji wa jirani, kwani sheria ya Hungaria inawaruhusu kuchagua. Pamoja na hayo, shule ikishafungwa haifunguliwi kirahisi na meya ajaye, ilhali basi la Vidin linasimama siku fedha za mafuta zinapokwisha. Kwa mji wenye shule nyingi ningependekeza kufunga, pamoja na walezi kama wale wa Szeged; kwa mji mdogo wenye shule mbili, basi ni bora kuliko hotuba, almuradi lilipwe na bajeti ya halmashauri.

Mpatanishi na mshahara wake

Mpatanishi ni mtu wa jamii husika, mara nyingi mwanamke, anayesimama kati ya familia na ofisi: anamsindikiza mama kliniki, anamweleza mwalimu kwa nini mtoto hakuja, anajaza fomu, na anamwambia daktari kwamba maneno aliyoyatumia ni ya dharau. Wasomaji wa Kenya na Tanzania watamtambua mara moja, kwa kuwa kazi yake haiko mbali na ya wahudumu wa afya ya jamii. Nchini Ireland, kituo cha Pavee Point kilianza mwaka 1994 kuwafunza wanawake Wasafiri wa Finglas, Dublin, kazi ya aina hii. Haja yake ilikuja kuonekana wazi zaidi katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, uliokuta kuwa mwanamume Msafiri alitarajiwa kuishi miaka 15 pungufu ya mwanamume wa kawaida nchini humo.

Ni njia ya bei nafuu na matokeo yake huonekana ndani ya miezi, lakini uhai wake unategemea nani anamlipa mshahara. Bulgaria, iliyoanza mwaka 2001, iliingiza wapatanishi wa afya katika bajeti ya taifa mwaka 2007 ili halmashauri ziwaajiri kwa fedha zenye jina lao. Romania, iliyokuwa imetangulia kwa programu ya wizara tangu 2002, iliwahamishia chini ya mamlaka za mitaa kuanzia 2008, na kwa kuwa muda si mrefu ukaja msukosuko wa uchumi na kusitishwa kwa ajira serikalini, nafasi nyingi zilibaki wazi. Baraza la Ulaya, shirika la haki za binadamu lisilo chombo cha Umoja wa Ulaya, nalo lilianza kwa kufundisha wapatanishi kupitia programu ya ROMED mwaka 2011, na miaka miwili baadaye, pamoja na Tume ya Ulaya, likaanzisha programu ya ROMACT ya kufanya kazi na mameya na watendaji, kwa sababu mpatanishi ambaye ofisi yake haimsikilizi huwa tarishi wa malalamiko. Halmashauri iepuke pia ule mtego wa kumtumia mpatanishi kama mahali pa kumsukumia kila Mroma anayeingia mlangoni, huku karani mwingine yeyote akiendelea na kazi yake kama zamani.

Ajira: kampuni ya manispaa au programu ya jiji

Spišský Hrhov, kijiji cha mashariki mwa Slovakia ambacho meya wake Vladimír Ledecký alidumu madarakani kutoka 1998 hadi 2018, kilianzisha kampuni yake ya ujenzi na huduma, ikaajiri Waroma waliokuwa hawana kazi, ikatengeneza barabara na vijia na kujenga nyumba ambazo hazikuwekwa pembezoni. Jambo lililowashawishi majirani halikuwa mafunzo ya uvumilivu. Lilikuwa kijia cha mawe mbele ya nyumba zao kilichotandazwa na mtu waliyemjua kwa jina. Uhispania ina mfano mkubwa zaidi, programu ya Acceder ya shirika la Fundación Secretariado Gitano, inayofanya kazi tangu mwaka 2000 kwa fedha za Mfuko wa Jamii wa Ulaya pamoja na za mikoa na manispaa, ikimfuata mtu mmoja mmoja na kumtafutia mafunzo na mwajiri. Kwa kijiji ambacho hakuna mwajiri mwingine, ya Hrhov ndiyo inayofaa, ingawa inamhitaji meya wa muda mrefu. Kwa jiji lenye maduka na hoteli, Acceder inafika kwa watu wengi zaidi na haimtegemei kiongozi mmoja.

Kuhusu maazimio, sherehe na mabaraza ya ushauri sina mengi ya kusema. Barcelona ina baraza la manispaa la watu wa Kiroma tangu 1998 na ni vizuri kuwa nalo, lakini baraza la ushauri hupimwa kwa bajeti iliyobadilika kutokana na ushauri wake.

Kipi kitangulie

Halmashauri yenye karavani kandokando ya barabara ianze na makubaliano ya aina ya Leeds mwezi huu, na siku hiyo hiyo itangaze eneo na tarehe ya kiwanja cha kudumu, kwa sababu la kwanza bila la pili ni kuahirisha tu. Yenye Waroma kambini ianze na nyumba zilizotawanyika kwa ridhaa yao, isipoteze fedha kuipaka kambi rangi. Yenye shule iliyogawanyika ianze na shule hata kabla ya nyumba, maana mtoto wa miaka sita hana muda wa kusubiri mkakati wa miaka kumi. Mpatanishi aajiriwe kwa mkataba wa kudumu katika kila mojawapo ya hali hizi, na asiwe mbadala wa mojawapo.

Wapo wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ireland ambao wanaweza kuwa sehemu ya uamuzi huu bila kujua. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa nchi hiyo, mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi aliyejiandikisha ana haki ya kupiga kura, awe na pasipoti ya Ireland, ya Kenya, ya Tanzania au ya Kongo. Mwaka 2019 Tume ya Haki za Binadamu na Usawa ya Ireland ilizitaka mamlaka zote 31 za mitaa kupitia upya mwenendo wao kuhusu makazi ya Wasafiri, na taarifa ya kila moja ilichapishwa mwaka 2021. Mgombea anapobisha hodi kuomba kura, aulizwe taarifa ya mamlaka yake ilisema nini, viwanja vingapi vimekamilika tangu hapo, na fedha zilizotengwa mwaka jana zilitumika zote au zilirudi.